Fundi wa Mlandizi anayeshona grafu za kusomwa kwa vidole

Ni Jumamosi asubuhi, mvua ya masika imepumzika kidogo, watu wameanza kupita kwenda sokoni Mlandizi, na Swaumu Mwinjuma amefumba macho. Amekaa barazani mbele ya cherehani yake, miguu imetulia juu ya pedali. Kidole chake cha shahada kinatembea taratibu juu ya kitambaa cheupe cha marekani.

Kidole kinafuata uzi mnene wa kufumia, ulioshikizwa kwa mshono wa zigizaga. Kinapita kifungo kimoja, kinapita cha pili, kinafika kwenye zipu iliyoshonwa wima kutoka ukingo wa juu wa kitambaa hadi ukingo wa chini. Hapo kinasimama. Swaumu anakunja uso, anarudisha kidole nyuma, anaanza upya.

Jirani yake Matano, fundi viatu wa baraza hiyo hiyo, anamtazama huku akipaka soli gundi.

"Fundi, ukilala kazini wateja watakuja kuchukua kaki zao," anamtania.

"Sijalala. Nasoma," Swaumu anajibu, macho bado ameyafumba.

"Unasoma zipu?"

"Nasoma zipu, ndiyo. Na hii ya pili inanisumbua. Sioni kazi yake."

Kitambaa hicho si cha nguo. Ni grafu ya hesabu, na mwenye kuisoma ni mtoto wa kaka yake, Raudha Hamza, msichana wa miaka kumi na tisa aliye kidato cha tano katika shule moja ya bweni huko Kisarawe. Raudha haoni. Surua ilimpata angali mdogo, ikaondoka na macho yake.

Jumatano inayokuja Raudha ana jaribio la hesabu. Akipata chini ya alama arobaini, atahamishiwa mchepuo usio na hesabu, na nia yake ya kwenda chuo kikuu kusomea takwimu itaishia hapo. Jaribio lililopita alipata kumi na tisa.

Ndiyo maana fundi wa sare za shule ameweka kaki za watu pembeni, na anajifunza kuona kwa kidole.

Swaumu ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Vihingo, wilayani Kisarawe, katika nyumba ya wakulima wa mihogo, akasoma mpaka darasa la saba. Hesabu alizipenda, anasema, mpaka zilipofika sehemu, zile za namba juu na namba chini.

"Mwalimu alisema ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Nikakariri majina. Kazi zake sikuzijua," anasema.

Aliolewa Mlandizi na Seif, mkulima wa mpunga na bamia kando ya Mto Ruvu. Cherehani alifundishwa na wifi yake, mwanamke mkali kwelikweli, ambaye ukimwachia ncha ya uzi inaning'inia alikuchapa vidole kwa futi ya mbao. Mpaka leo Swaumu akipita kwenye nguo ya mtu akaona uzi umetokeza, mkono unamwasha.

Zamani alishona madira na sare tu. Tangu Kwala ilipopata bandari kavu na viwanda, wafanyakazi wa huko wanamletea ovaroli zilizochanika magoti, na wengine wanataka majina yao yadariziwe kifuani. Siku nzuri, akishatoa uzi na kodi ya baraza, hubakiwa na shilingi elfu kumi na mbili. Siku mbaya anashona viraka vya nguo za nyumbani kwake.

Raudha alikuja kwake likizo ya Desemba. Alikuwa na furaha ya kuchaguliwa mchepuo wenye Uchumi, lakini Uchumi unakwenda na somo wanaloliita BAM, hesabu za wale ambao hesabu si somo lao kuu. Mchana mmoja, wakichambua mchele, shangazi akamwuliza masomo yanakwendaje.

Raudha akamweleza kwamba mwalimu huchora ubaoni, kisha huuliza darasa kama wanaona inavyopanda. Wenzake huitika kwamba wanaona.

"Na mimi naandika kwenye nukta nundu, 'inapanda'," alisema. "Halafu sijui inapanda wapi, shangazi."

Swaumu anasema mchele ule hakuumaliza kuuchambua. Aliinuka akaenda kutafuta kipande cha marekani.

Sasa, msomaji asiogope hesabu yenyewe. Ifuatwe polepole, maana hata Swaumu aliifuata polepole, na aliyemfundisha ni Raudha.

Zipo hesabu ambazo x iko chini, kwenye ile namba ya kugawanyia. Raudha alimwuliza shangazi yake hivi: una mita moja ya kitambaa, ukiikata vipande vya nusu mita utapata vingapi? Viwili. Vya sentimita kumi? Kumi. Vya sentimita moja? Mia. Vya milimita moja? Elfu. Kipande kikizidi kuwa kidogo, idadi inazidi kuwa kubwa. Na vipande vya urefu wa sifuri?

"Nikamwambia, mwanangu, hapo mkasi hauna pa kukata," Swaumu anasema, na anacheka akikumbuka.

Ndipo hapo hasa. Chukua moja, gawanya kwa x toa mbili. Kama x ni tatu, chini inabaki moja, na jibu ni moja. Kama x ni mbili na nusu, jibu ni mbili. Ikiwa mbili nukta moja, jibu ni kumi. Ikiwa mbili nukta sifuri moja, jibu ni mia. Kadiri x inavyoisogelea mbili, jibu linapanda wala halina kituo. Lakini x ikiwa mbili yenyewe, chini panakuwa sifuri, na jibu halipo.

Ukija kutoka upande mwingine, upande wa namba zilizo pungufu ya mbili, jibu linazama vivyo hivyo: hasi kumi, hasi mia, hasi elfu.

Kwa hiyo hapo kwenye mbili unasimamishwa mstari wima. Grafu inausogelea kutoka pande zote mbili na haiugusi. Shuleni unaitwa asimptoti wima. Swaumu na Raudha wanauita ukuta.

Swaumu alitengeneza kitambaa kwa akili ya ufundi wake. Mistari miwili ya namba aliishona kwa lastiki nyembamba. Kila namba aliiwekea kifungo cha shati, na sifuri ikapata kifungo kikubwa cha koti. Grafu ikawa uzi mnene. Ukuta ukawa zipu iliyofungwa, kwa sababu meno yake yanakwaruza na kidole kinajua pale si mahali pa kupita.

Ilikuwa miezi ya sare, wazazi wamejipanga. Wateja wawili walichoka kungoja wakahamia kwa fundi mwingine. Mmoja hajarudi mpaka leo.

Kilichokuja kuharibika hakikuwa zipu wala vifungo.

Raudha alikuwa amekuja na karatasi aliyochorewa na mwalimu wake wa hesabu, Leodegar, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Swaumu aliitandaza karatasi ile mezani. Mstari wa kushoto ulishuka kando ya ukuta ukaishia kwenye ukingo wa chini. Wa kulia ulianzia kwenye ukingo wa juu. Kati ya mwisho wa ule na mwanzo wa huu hapakuwa na kitu.

Kwa fundi wa nguo, hilo ni kosa. Uzi haukatwi katikati ya kazi. Ukifika mwisho unageuza kitambaa, unarudi mishono michache, unaunganisha, unasonga mbele. Nguo iliyoachwa na ncha mbili wazi itafumuka siku ya kwanza kufuliwa.

"Nikasema, huyu mwalimu bado kijana, kalamu imemkatikia. Ngoja nimsaidie," anasema Swaumu.

Akamsaidia. Alipofika ukingo wa chini hakukata uzi. Aliugeuza, akaupandisha moja kwa moja juu, sambamba na zipu, akaendelea nao upande wa kulia. Mshono ulitoka mzuri, bila fundo. Hata Matano aliusifu.

Raudha akarudi nacho Kisarawe. Kila jioni alikitandaza kitandani akakisoma. Kidole kilishuka, kikageuka, kikapanda kwa kuufuata ukuta wenyewe, kikaenda zake. Kwake grafu ilikuwa moja isiyokatika, na ukuta ulikuwa ngazi.

Jaribio la Februari lilipouliza grafu inafanyaje ikifika penye asimptoti, Raudha aliandika kwa uhakika kwamba inaupanda ule mstari kutoka chini hadi juu kisha inaendelea. Maswali yote yaliyofuata aliyajibu kwa imani hiyo. Ndipo zikatoka zile alama kumi na tisa.

Mwalimu Leodegar alimpigia simu Hamza, baba yake Raudha, na Hamza akampigia dada yake, kwa kuwa mambo ya hesabu alishamwachia yeye. Swaumu akafunga cherehani, akaenda Kisarawe.

Walikaa watatu, yeye, Raudha na mwalimu, kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Mwalimu alimwamkia, akamkaribisha maji, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake: kwamba wapo wasioona wanaofaulu masomo mengine vizuri sana, na hakuna aibu kubadili mchepuo mapema, kabla mtihani wa taifa haujakaribia.

"Mama, mimi simfukuzi," alisema. "Naogopa nimshike mkono nimpeleke mahali pa kuanguka."

Swaumu hakubisha. Alifungua mfuko akatoa kitambaa, akamwomba mwalimu akitazame tu, aone kama mtoto alifundishwa vibaya nyumbani.

Mwalimu alikitandaza magotini. Aligusa vifungo, akatabasamu alipofika kwenye kile cha koti. Akagusa zipu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha mkono wake ukasimama.

"Huu uzi wa hapa katikati umetoka wapi?"

Swaumu akajibu kwamba ameuunganisha yeye, maana kwenye karatasi ulikuwa umeachwa wazi.

Raudha alikuwa kati yao, mikono mapajani. Halafu akauliza, taratibu:

"Kwani haupo, mwalimu?"

Mwalimu Leodegar anasema katika miaka yake michache ya kufundisha hajawahi kuulizwa swali lililomwingia namna ile. Alimweleza kwamba haupo, kwamba grafu ina vipande viwili visivyokutana kabisa, na kwamba hapo kwenye mbili hakuna kitu, si juu wala chini.

"Basi mimi nilikuwa najibu sawa," Raudha alisema. "Nilijibu kilichoshonwa."

Mwalimu alikubali kwamba ndivyo. Akasema alama hawezi kuzirudisha, maana jaribio lilishapita, lakini shauri la kubadili mchepuo litangoja jaribio la masika. Mpaka wa alama arobaini akaeleza kwamba si wake, ni wa idara, na hawezi kuusogeza.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mkasi. Swaumu alitoa ule mdogo wa kukatia nyuzi. Anasema mkono ulimgomea. Tangu afundishwe na wifi yake hakuwahi kuukata mshono mzima, usio na kasoro, akauacha wazi kwa makusudi. Aliuchomoa uzi wa katikati mshono kwa mshono, mpaka pale kando ya zipu pakabaki marekani tupu.

Akauchukua mkono wa Raudha, akauweka mwanzo wa grafu.

Kidole kikaenda. Kikaanza kushuka, kikazidi kushuka, zipu ikiwa karibu kabisa upande wa kulia, kikafika ukingo wa kitambaa na kikadondoka hewani.

"Shangazi, kinatoka nje."

"Kiache kitoke," Swaumu alisema.

Raudha alirudia mara kadhaa. Kisha akanyanyua mkono mwenyewe, akaupeleka juu, upande wa pili wa zipu, akapapasa mpaka akaukuta uzi unaoingia kutoka juu. Akacheka. Mwalimu akasema kwamba hapo ndipo alipoona huyu binti hatakiwi kuondolewa, anatakiwa kufundishwa.

Tangu siku hiyo wamekuwa wakifanya kazi watatu. Mwalimu Leodegar anatoa hesabu, Raudha anakokotoa namba, na Jumamosi anamsomea shangazi yake kwa simu ya matroni, kifungo kwa kifungo. Swaumu anashona. Kitambaa kikiisha anampa jirani anayekwenda Kisarawe.

Hesabu ya Jumamosi ya leo ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ya mwisho kabla ya jaribio.

Juu kuna x mara x, toa x, toa mbili. Chini kuna x mara x, toa nne. Swaumu ameshazoea kutafuta wapi chini panakuwa sifuri. Mbili mara mbili ni nne, toa nne, sifuri. Hasi mbili mara hasi mbili pia ni nne, toa nne, sifuri. Kwa hiyo akaweka zipu mbili, moja kwenye hasi mbili, nyingine kwenye mbili, akashona uzi kwa namba alizosomewa.

Zipu ya kwanza iko sawa. Upande wake wa kushoto uzi unapanda mpaka unatoka nje ya kitambaa, na upande wa kulia unaingia kutoka chini. Lakini ya pili uzi unaifikia umetulia, chini kidogo ya kifungo cha moja, na ng'ambo yake unaendelea vilevile umetulia.

"Hauogopi kitu," Swaumu anamwambia Matano. "Ukuta gani huu usioogopwa?"

Matano anasema labda ni mlango. Swaumu hacheki. Kitambaa chenye kosa alishakipeleka mara moja, na anajua kilimgharimu nani.

Saa nne simu inaita. Raudha anamwamkia, Swaumu anaitikia, anamwuliza kama amekunywa chai, kisha anamweleza wasiwasi wake: zipu ya pili haina kazi, na kwenye namba alizosomewa, mbili haikutajwa kabisa.

Raudha anamjibu kwa swali.

"Shangazi, ukiweka mbili juu unapata ngapi?"

Swaumu anahesabu kwa midomo. Mbili mara mbili nne, toa mbili, toa mbili. "Sifuri."

"Na chini?"

"Chini nako sifuri."

"Na ukiweka hasi mbili, juu?"

Hii inamchukua muda. Hasi mbili mara hasi mbili ni nne. Kutoa hasi mbili ni kuongeza mbili, sita. Toa mbili. "Nne. Juu kuna nne, chini sifuri."

Raudha anamweleza, na sauti inatoka kwenye simu mpaka Matano anasikia. Ukiivunja hesabu katika vigawo vyake, juu ni (x − 2)(x + 1), na chini ni (x − 2)(x + 2). Kigawo cha (x − 2) kiko juu na kiko chini, kwa hiyo vinakatana kama unavyorahisisha sehemu yoyote. Chini inabaki (x + 2) peke yake. Ukuta ni mmoja tu, kwenye hasi mbili. Kwanza unarahisisha, ndipo unatafuta sifuri ya chini. Ukianza na sifuri, utajenga kuta pasipo na nyumba.

"Kwa hiyo hapo kwenye mbili uzi unapita tu?" Swaumu anauliza.

Raudha anasema haupiti hivi hivi, maana mbili bado hairuhusiwi kwenye hesabu yenyewe ya mwanzo. Pana nukta moja imekosekana. Moja tu. Kushoto kwake uzi upo, kulia kwake uzi upo, yenyewe haipo.

Swaumu anatazama kitambaa. Anatazama kaki za watoto zilizokunjwa pembeni.

"Tundu la kifungo," anasema.

Raudha anamwuliza amesemaje. Anamrudishia kwamba pale kwenye mbili ataweka tundu la kifungo, lizungushiwe uzi vizuri, ili kidole kifike kisikie kitundu kisha kiendelee. Kitundu si ukuta. Ukuta unakutoa nje ya kitambaa. Kitundu unakiruka.

Upande wa pili Raudha anacheka mpaka matroni anasikika akimwuliza kuna nini.

Zipu ya pili inafumuliwa asubuhi hiyo hiyo. Swaumu analipima tundu kwa ncha ya kidole chake kidogo, kwa kuwa vidole vya Raudha ni vyembamba, kisha analikata, analizungushia uzi. Kabla ya adhuhuri kitambaa kimekwisha, na mke wa dereva mmoja anayekwenda Kisarawe amekichukua.

Jumatano ilipofika, Swaumu hakuwa na msaada wowote wa kutoa. Kitambaa hakiruhusiwi kuingia katika chumba cha mtihani, na mwalimu Leodegar alishamwambia mapema kwamba katika hilo hatalegeza, kwa sababu na mtihani wa taifa hautalegeza. Raudha angekuwa na karatasi ya maswali ya nukta nundu na mashine yake ya kuandikia, basi.

Swaumu alishinda kwenye cherehani. Mfanyakazi mmoja wa Kwala aliyeleta ovaroli aongezewe mfuko alirudi kulalamika kwamba mfuko umeshonwa mdomo, hauingii hata kidole. Swaumu akamwomba radhi, akaufumua mbele yake. Matano akamwambia yule mteja asamehe, fundi leo yuko kwenye mtihani.

Ijumaa mchana mwalimu alipiga simu. Alama zilikuwa sitini na moja.

Mwalimu hakutaka kuzungumza sana. Alisema swali la nne lilikuwa na ule mtego, juu x mara x, ongeza x, toa sita, na chini x mara x, toa tisa. Liliwanasa wengi darasani. Raudha alivunja vigawo, akakata (x + 3), akaandika ukuta uko kwenye tatu, na kwenye hasi tatu pana kitundu kimoja, kimo chake tano gawanya kwa sita. Hesabu atabaki nayo. Kisha akampa simu Raudha mwenyewe.

"Shangazi, meza ilikuwa tupu," Raudha alisema. "Nikaweka kidole juu ya mbao nikatembea hivyo hivyo. Nilipofika kwenye tatu kikatoka."

Swaumu anasema hapo hapo akampa simu Matano. Matano naye alisema hongera, akasema tena hongera, kisha akairudisha.

Mtihani wa taifa ni Mei mwakani, na safari ya mpaka chuo kikuu bado ni ndefu. Hata hivyo Raudha sasa yuko kidato cha sita, na alipokuja likizo aliviacha vile vitambaa vya kuta Mlandizi. Alisema havihitaji tena, shangazi awawekee watakaokuja. Swaumu anakiri kwamba neno lile lilimfurahisha na kumchoma kidogo kwa pamoja.

Mpango wake ni kuviunga vyote viwe kitabu kimoja cha marekani, kurasa za kufulika, kibaki shuleni Raudha atakapoondoka. Mwalimu Leodegar amekubali kuwa mkaguzi wa kila ukurasa, kwa kupapasa akiwa amefumba macho. Seif ameahidi kuuza bamia za msimu huu anunue marekani, ingawa anasema hajaelewa mpaka leo kwa nini zipu inashonwa mahali pasipofunguka.

Mwezi Julai shule ilipopokea kidato cha tano kipya, alikuwamo Efrazia, msichana mwingine asiyeona. Alishauriwa kwao achague mchepuo usio na hesabu. Alipofika akaambiwa kuna mwenzake wa kidato cha sita anayesoma BAM na hajaondolewa, akaomba naye abaki. Raudha ndiye aliyempa namba ya fundi.

Jumamosi moja Swaumu ameshatandaza kitambaa, chaki iko mkononi, simu ya matroni inaita. Efrazia anaamkia kwa aibu. Anasema hesabu yake ni x juu, na chini x mara x, toa tatu x. Amekwishatafuta. Anaomba zipu mbili, moja kwenye sifuri na moja kwenye tatu.

Swaumu hasemi ndiyo wala hasemi siyo.

"Juu umepatazama, mwanangu?"

Sauti ndogo inajibu: "Mama, naomba dakika moja."

"Chukua. Sina haraka."

Anaweka chaki chini. Mteja amefika na kaki mkononi, anamwonyesha kwa ishara akae. Kwenye simu zinaanza kusikika nukta za mashine zikigongwa, moja moja, kwa kusitasita, na Swaumu ameishikilia sikioni, anasikiliza.